Picha ikishapita WhatsApp, watamaki yako bado ipo?

Kuna ugonjwa mmoja tunao sisi wapiga picha wa mtaani, nao ni kuamini kwamba ukishabandika jina lako kwa maandishi ya mkato pale kona ya chini kulia, na kakamera kadogo pembeni, yani watamaki, basi picha imelindwa. Haijalindwa. Kona ndio kitu cha kwanza mtu anachokata, na kama hajui kukata basi simu za siku hizi zina kitufe cha kufuta kitu kwenye picha, anapapasa kidole tu jina limeondoka na pale lilipokuwa pameshajazwa majani, yani kama vile hukuwahi kuwepo kwenye hiyo shughuli. Wengine wanajiona wajanja zaidi, wanaliweka katikati, kubwa, mpaka bibi harusi anaonekana kama yuko nyuma ya nondo za dirisha. Mteja analalamika na bado halikusaidii kivile, maana mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba ukiwa na picha nyingi zenye logo ileile, komputa inaweza kuilinganisha kwenye picha zote, ikaijua vizuri ilivyo, halafu ikaitoa picha moja baada ya nyingine. Kosa la ile logo ni kufanana kila mahali, na sisi tunaona fahari kufanana.

Sasa mimi ninachochezea ni ile watamaki isiyoonekana. Picha unaiangalia hivi ni picha tu, lakini ndani yake kuna namba, na namba hiyo inatakiwa iwepo hata mtu akiisevu toka kwenye grupu, akaituma tena, mwingine akaipiga skrinishoti akaipandisha status, na wa mwisho akaipeleka stationery kuiprinti. Nilianza kulifuatilia hili jambo baada ya mwenye ukumbi mmoja kuchukua picha yangu ya harusi akaifanya bango la kukodishia ukumbi wake, nilivyomfuata akaniambia kaipata kwenye grupu la familia na haikuwa na jina la mtu. Na kweli haikuwa na jina.

Wadau wengi watakwambia jaza jina lako kwenye taarifa za faili, zile za EXIF, kuna sehemu ya hakimiliki pale. Jaza tu, haina hasara. Ila WhatsApp ikiipokea picha inaipunguza ukubwa, inaiminya upya, na zile taarifa zinabaki nje. Taarifa za EXIF zimekaa kwenye faili, kwenye picha yenyewe hazipo, na mtu akipiga skrinishoti anachukua picha, faili analiacha. Kwa hiyo namba lazima iingie kwenye rangi zenyewe.

Njia ya kwanza ambayo kila mtu anayejifunza programu anakutana nayo ni ya kuficha kwenye biti ya mwisho (biti ni zile sifuri na moja ambazo komputa inaandikia namba). Kila piseli, yani kila kanukta ka picha, ina namba kuanzia 0 hadi 255 kwa kila rangi, ukiwa na 182 ukaifanya 183 hakuna jicho la binadamu litakaloona, so unaandika ujumbe wako kwenye zile biti za mwisho, moja moja, mpaka unamaliza. Ukiisoma pale pale kwenye komputa yako inatoka safi kabisa, unafurahi, unawaonyesha watu. Halafu unaipitisha WhatsApp unasoma takataka.

Sababu iko kwenye JPEG, ile namna ya kuminya picha. JPEG kazi yake yote ni kutafuta vitu ambavyo jicho halivioni na kuvitupa, ndivyo inavyofanya faili liwe dogo. Sasa wewe umeenda kuficha mali yako kulekule anakofagia yeye kila siku. Hapo ndipo lilipo wazo lote la hii fani, na lilikuja kusemwa wazi kabisa na Ingemar Cox na wenzake watatu, Kilian, Leighton na Shamoon, kwenye kazi yao waliyoichapisha mwaka 1997, iliyoanzia kwenye maabara ya utafiti ya NEC kule Princeton, Marekani. Wakati wengine wanatafuta pa kujificha pasipoonekana, hawa wakasema hapana, alama iwekeni kwenye sehemu muhimu kabisa za picha, zile ambazo mtu akiziharibu ili kuitoa alama, picha yenyewe inakuwa haifai tena kuibiwa. Mwizi anataka picha nzuri, basi alama yako ipande humo humo kwenye uzuri wake.

Walichofanya ni hivi. Picha nzima wanaibadilisha kuwa mawimbi kwa hesabu inayoitwa DCT, mawimbi ya polepole ndio yanayobeba maumbo makubwa, mtu, ukuta, kivuli, na yale ya harakaharaka ndio yanayobeba vitu vidogovidogo kama nywele na nyuzi za kitambaa. Wakachukua mawimbi 1000 yenye nguvu kuliko yote (ukiacha lile la wastani wa mwanga wa picha nzima), wakatengeneza namba 1000 za bahati nasibu, kila wimbi likaongezwa au kupunguzwa kidogo sana kwa kufuata namba yake. Kila badiliko peke yake ni dogo mno, ukilipima hivyo lilivyo huwezi kulitofautisha na kelele za kamera. Lakini mwenye orodha ya zile namba 1000 anaweza kuuliza swali moja tu: mabadiliko haya kwa ujumla wake yanafuata orodha yangu au hayafuati? Ni kama pale Uwanja wa Mkapa, shabiki mmoja akiimba kwa sauti ya chini humsikii hata ukikaa naye siti moja, ila upande mzima ukiimba wimbo mmoja kwa sauti hiyohiyo ya chini, wimbo unaujua hata ukiwa nje ya geti. Waliiminya ile picha mpaka ikachoka, wakaikata wakabaki na robo ya katikati, wakaiprinti, wakaitoa fotokopi, wakaiskani upya. Hiyo ya fotokopi ndio iliyowatesa zaidi, ilibidi wabadilishe kidogo namna ya kupima, lakini alama ikaonekana.

Kuna kitu kimoja hapo watu wanakiruka wakisoma: ili kuitambua alama, Cox na wenzake walihitaji picha ya orijino wailinganishe. Kikumbuke hicho, nitakirudia.

Mimi ninayoitumia zaidi ni njia iliyokuja baadaye kidogo, ya Chen na Wornell wa MIT, 2001, kwa sababu unaweza kuifanya kwa daftari na kalamu. Chukua kibloki kimoja cha JPEG, piseli 8 kwa 8, ndani yake kuna namba 64 za mawimbi. Shika namba moja, ile ya mstari wa tatu safu ya tatu, tuseme ni 131. Najipangia ngazi za 20: nikikuta 0, 40, 80, 120, 160 nasoma sifuri, nikikuta 20, 60, 100, 140 nasoma moja. Nataka kuficha moja, basi 131 naisogeza mpaka 140 ambayo ndio ngazi ya moja iliyo karibu. Basi, nimeficha. Picha inaenda kwenye JPEG, na kwenye jedwali la kawaida la JPEG kwa kwaliti ya 50 hii namba inagawanywa kwa 16. 140 gawa kwa 16 unapata 8.75, inakadiriwa kuwa 9, ikija kufunguliwa ni 9 mara 16, yani 144. Namba imehama lakini bado iko jirani na 140 kuliko 120 au 160, kwa hiyo nasoma moja, safi. Sasa shusha kwaliti mpaka 20. Kigawanyo kinapanda kuwa 40, 140 gawa kwa 40 ni 3.5, inakadiriwa 4, ikifunguliwa ni 160, na 160 kwangu mimi ni sifuri. Biti imekufa.

Dawa ya hapo unaiona mwenyewe: kigawanyo cha 40 kinaweza kuisogeza namba mpaka kwa 20, kwa hiyo ngazi zangu lazima ziachane kwa zaidi ya 40 ili nisipotee. Lakini ngazi zikiachana sana, namba zinasogezwa mbali, na picha inaanza kuonyesha vidoadoa. Hakuna ujanja wa kulikwepa hilo, unachagua tu wapi uumie. Na hapa kuna kitu hesabu hazikwambii mpaka uone kwa macho: picha haikubali alama sawasawa kila mahali. Kwenye kanga, kwenye mchanga, kwenye majani ya mwembe, kwenye kichwa cha rasta, unaweza kusukuma namba utakavyo na hakuna anayegundua. Nenda sasa kwenye shela la bibi harusi, au mbingu ya Zanzibar saa nne asubuhi haina hata wingu, badiliko dogo tu linatoka kama uchafu kwenye kioo. Na kwa bahati mbaya harusi ni shela tupu! So skripti yangu, yani kile kiprogramu changu cha kufichia, inapima kwanza kila kibloki kina fujo kiasi gani, chenye fujo kinabebeshwa zaidi, kilichotulia kinabebeshwa kidogo au kinarukwa kabisa.

Halafu usijaribu kuficha maneno. Watu wanataka kuficha jina la studio, namba ya simu, na aya ya Biblia juu. Ficha namba fupi, biti 64 zinatosha kabisa, halafu kwako uwe na daftari linalosema namba hii ni picha gani ya tarehe gani. Picha ya piseli 1200 kwa 800 ina vibloki 15,000, ukigawa kwa biti 64 kila biti inapata vibloki kama 234 vya kujirudia, kwa hiyo hata vibloki 80 vikidanganya, kura za wengi zinakuokoa. Jirudie kadri unavyoweza.

Ila usiwe na haraka ya kusema nimemkamata mtu. Picha yoyote ya mtu yeyote, ukiisoma kwa programu yako, itakutolea biti 64, lazima itoe kitu, na nusu ya hizo zitafanana na zako kwa bahati tu. Ukijiwekea kwamba zikifanana 40 kati ya 64 basi ni yangu, kwenye picha 100 za watu wasio na hatia utakuwa umewasingizia kama 3. Ukitaka zifanane 56 au zaidi, bahati ya kumsingizia mtu inashuka hadi moja kati ya bilioni tatu na nusu hivi. Hesabu hii ifanye kabla hujamtumia mtu meseji ya vitisho.

Mpaka hapo JPEG tumeiweza. Kinachoua watamaki kweli kweli ni vitu vya kipuuzi kabisa. Mtu kaizungusha picha nyuzi mbili kwa sababu mstari wa bahari ulikuwa umelala. Mtu kaivuta kidogo ijae kwenye fremu ya Instagram. Alama yako ipo yote, haijafutwa hata biti moja, lakini programu inaenda kuitafuta kwenye vibloki vya 8 kwa 8 na vibloki vimeshahama, kwa hiyo inasoma pembeni. Mwaka 1998 Petitcolas, Anderson na Kuhn wa Cambridge walitoa karatasi iliyowatia watu aibu sana, walikuwa na programu inaitwa StirMark, inaipindapinda picha kidogo mno, kiasi kile ambacho ungepata ukiiprinti na kuiskani, jicho halioni kitu, na watamaki za biashara za wakati ule zikawa hazisomeki. Tena wakaongeza dharau: wakaonyesha unaweza kuikata picha vipande vidogovidogo, ukavipanga kwenye ukurasa wa wavuti vikiwa vimegusana, msomaji anaona picha nzima na roboti, yani programu inayopita mtandaoni kutafuta alama, inaona vipande visivyotosha kubeba alama. Hapo hata hukugusa watamaki yenyewe. Jamaa walikuwa na akili ya kihuni ile nzuri.

Majibu yalitafutwa. Kuna wanaoficha kwenye umbo la mawimbi ya picha nzima ambalo halijali picha ikisogezwa kulia au kushoto, kuna wanaoficha vialama vya kuonyesha njia ili programu ijue picha imezungushwa kiasi gani na imekuzwa kiasi gani ndipo isome. Mimi kwa kweli sihangaiki na hayo, kwa sababu orijino ninayo. Nachukua picha iliyoibiwa na ya kwangu, naziweka kwenye OpenCV, programu ya kuchambua picha, inatafuta alama zinazofanana kwenye zote mbili, kona ya jicho, kifungo cha koti, ncha ya mnara, halafu inaikunja ile ya mwizi mpaka ilale juu ya yangu barabara. Nyuzi mbili zimeondoka, kuvutwa kumeondoka, sehemu iliyokatwa inajulikana, ndipo nasoma. Kampuni inayotaka kukagua mamilioni ya picha mtandaoni bila kuwa na orijino ya kila moja haina hii anasa. Mpiga picha wa harusi anayo, na sijui kwa nini hatuitumii.

Kwa wasio na orijino siku hizi kazi hii wamepewa mashine zijifunze. Unatengeneza mitandao miwili ya neva, mmoja unaficha, mwingine unasoma, na katikati yao unaweka mateso: ukungu, kukatwa, rangi kubadilishwa, JPEG ya kuigiza, na unaifundisha yote kwa pamoja mpaka anayeficha ajifunze mwenyewe kuficha kwa namna ambayo anayesoma ataiona hata baada ya mateso. StegaStamp ya watu wa Berkeley ilifundishwa mpaka unaweza kuiprinti picha, ukaipiga tena kwa simu ukiwa umesimama upande, na bado ukasoma. Ukiangalia kwa makini ukutani au angani utaona viwimbi fulani hivi, si bure kabisa, lakini kazi inafanya.

Na picha za AI nazo zimeingia humu humu, Google wana watamaki yao inaitwa SynthID tangu 2023, na Stable Diffusion, programu ya AI ya kuchora picha, ilivyotoka 2022 ilikuja na watamaki yake ndani ikiandika jina la programu, ila kwa vile programu yenyewe iko wazi kila mtu anayo, kuizima ilikuwa ni kufuta mstari mmoja. Na AI hiyohiyo ndio fagio jipya: unaichukua picha yenye alama, unaimwagia kelele, unaiambia AI ichore upya kilichokuwepo, na mabadiliko madogomadogo ya piseli hayarudi. Kuna watafiti walishaandika hilo na hesabu zake mwaka 2023. Mimi nikilipima kwa biashara yangu halinitishi sana, anayeiba picha ya mnuso kwa ajili ya bango hana habari na hayo. Anayeiba kwa kiwango kikubwa anayo.

Matumizi ninayoyapenda mimi ni ya kila nakala kuwa na namba yake. Hollywood walifanya hivi kwenye kanda wanazotumiwa wapiga kura wa Oscar, kila mpiga kura kanda yake na alama yake, na mwaka 2004 filamu zilipoonekana zimevuja, alama zikaelekeza kwa mwigizaji Carmine Caridi, akafukuzwa kwenye ile Akademi inayotoa Oscar, mtu wa kwanza kufukuzwa. Sasa na wewe fikiria kamati ya harusi: mwenyekiti anataka picha za kuangalia, mama mzazi anataka, shangazi aliyeko Muscat anataka, MC naye anataka. Wote unawapa, ila kila mmoja namba yake, kwa macho ni picha ileile. Zikitokea kwenye ukurasa wa udaku kabla bibi harusi mwenyewe hajaziona, unajua zimepita mlango gani, na sikushauri utangaze, unamwambia tu mwenyekiti taratibu. Njia ya kukwepa hii ni watu kadhaa kuunganisha nakala zao na kuzichukulia wastani, alama zinafifia. Cox na wenzake walijaribu kwa nakala 5 na bado zote zikatambulika, na mimi sidhani kama shangazi na MC watakaa kikao hicho.

Nimalizie na lile lililoniuma nilipolijua, kwa sababu ndilo linalohusu pesa. Umemkamata mtu, namba yako imo kwenye picha yake, biti 64 kati ya 64. Umeshinda? Bado. Craver, Memon, Yeo na Yeung, 1998, walionyesha mchezo huu: mwizi anachukua picha yako yenye alama, anatengeneza alama yake mwenyewe, lakini badala ya kuiongeza anaitoa. Anachobaki nacho anakiita orijino yake. Sasa mkifika mbele ya mtu wa kuamua, yeye anasema, linganisheni orijino yangu na hiyo picha ya huyu bwana, mtaikuta alama yangu imo. Na kweli inaonekana, kwa sababu yeye aliitoa upande mmoja. Tena wakiilinganisha na orijino yako wewe uliyoificha nyumbani, alama yake inaonekana hata humo! Wote wawili mna alama, wote mna orijino, na programu inasema wote mko sahihi.

Dawa waliyopendekeza ni nzuri, nami ndio ninayoifanya: zile namba za bahati nasibu usizichague tu, zitoe kwenye orijino yenyewe kwa hesabu isiyorudi nyuma. Mimi nachukua faili la RAW, lile ghafi lililotoka kwenye kamera, napata hash yake, yani namba ambayo hesabu inaitoa kwenye faili zima, na hiyo hash ndio mbegu ya kupanga biti zote zitakaa vibloki gani. Mwizi akitaka kunifanyia ule mchezo inabidi atengeneze orijino ya uongo ambayo hash yake inazaa alama ileile aliyoitoa, na hash hairudi kinyumenyume. Ukiongeza kuisajili kazi mapema, kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa huku Tanzania na KECOBO kwa wenzetu Kenya, unakuwa na tarehe ambayo haikutoka kwenye komputa yako mwenyewe.

Ndio maana RAW zangu hazitoki nje. Zinakaa kwenye diski mbili, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu yangu, na kwenye mkataba nimeandika kabisa kwamba mteja anapokea JPEG. Kila msimu wa harusi kuna anayekuja na maneno ya "sisi tumelipa, tupe zote na hizo RAW, tuna kijana wetu anaedit". Nakubaliana naye kuhusu kijana, namwongezea JPEG kubwa kabisa zisizo na filta, kila moja na namba yake ndani, na RAW namwambia haziuzwi.